Mteja wa Uzi wa Zambarau

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea unasema uko kwenye mvuke husikii, halafu unakata. Barua huwezi kuikata.

Baba, umenitia aibu. Nimetafuta neno lenye adabu zaidi nimelikosa. Wakwe zangu wamesafiri siku nzima kuja kukuona wewe, mzazi pekee niliyebakiwa naye, na wewe ukashindwa kukaa kitini. Mama mkwe hajamaliza kusalimia, umeinuka. Umerudi, baba mkwe kaanza kueleza habari za kwao, umeinuka tena, tena mbio mbio, na ule mfuko wako mweusi kwapani. Nikakufuata uani nikakuta umejifungia chooni. Ulipotoka nikataka kukupokea mfuko, ukauficha nyuma ya mgongo kama mwizi. Chakula hukugusa. Macho yako ni ya njano kama kiini cha yai, nani hakuyaona? Na ulipoinama kumpa mkono baba mkwe, ulinuka spiriti.

Njiani mume wangu aliongelea barabara tu. Aliyeuliza ni mama mkwe, kwa upole, na upole huo ndio ulioniua: "Baba yako ana muda mrefu na hali ile?" Nikamjibu eti ni uchovu wa kazi. Sijamaliza hata mwezi kwenye ile nyumba na nimeshaanza kuwadanganya kwa ajili yako.

Mtu anayetoka toka, anayejificha na mfuko, anayekonda, macho njano, ananuka. Mimi si mtoto, Baba. Macho yakigeuka njano ni ini, na ini la mtu huharibiwa na nini, kila mtu mtaani anajua. Niambie kwa mkono wako mwenyewe. Unakunywa?

Bintiyo


12 Machi

Mama,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama nyuma ya pipa la kulowekea, nikairudia, nikaiweka mfukoni ikaloa.

Uliuliza neno moja, nakujibu neno moja. Ndiyo. Nakunywa.

Si sana. Nakunywa bia, ya kuchemsha, asubuhi kabla ya chai, na jioni tena kama kazi imekuwa nyingi. Usimsingizie marehemu mama yako, wala upweke, wala mtu yeyote. Ni ujinga wangu. Waombe radhi wakwe zako. Waambie baba yako ni mtu mzuri isipokuwa hapo tu.

Na tafadhali usije. Dobini kuna kazi nyingi.

Baba yako


12 Machi

Shemeji Spana,

Habari za gereji? Hapa dobini tunasukuma siku.

Naomba usome barua hii ukiwa peke yako, na usiisome kwa sauti kama ulivyozoea. Wewe ni kaka wa marehemu mke wangu. Tangu siku niliyokuja kwenu kuposa ukanificha viatu nikarudi peku, hujawahi kunionea haya, kwa hiyo leo na mimi sitakuonea. Haya mambo siwezi kumwambia binti yangu. Ningekuwa na wa kiume nisingemwambia pia.

Shemeji, naharisha. Si tumbo la siku mbili. Lilianza mvua za mwaka juzi, likaja na damu, likaondoka nikashukuru Mungu, likarudi na ndugu zake. Likiita haliiti mara mbili. Kuna siku sifiki. Umenielewa? Mtu mzima mwenye mvi, sifiki. Ule mfuko ambao mpwa wako anadhani una chupa, una suruali ya akiba na kipande cha sabuni. Na hiyo spiriti anayoinusa ni ya kutolea madoa ya wino, tunaimwaga juu ya mashati tangu hajazaliwa. Amesahau. Ameolewa na watu wa manukato.

Sasa sikiliza kilicho kibaya zaidi. Mimi ni dobi. Maisha yangu yote nafua siri za watu, na nazicheka. Mbele ya mteja nainamisha macho, akigeuka tu mimi na mwenzangu Fundi Pasi tunaangua kicheko: huyu kalala wapi, yule na kitambi chake bado anakojoa kitandani. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Hawakusema mwosha afanyeje akiwa maiti ni yeye.

Shuka zangu siwezi kuzifulia nyumbani, bomba ni moja na majirani wana macho. Nikazileta dobini. Unajua kila mteja tunamshonea uzi wa rangi yake kwenye pindo ili nguo zisichanganyike. Zangu nikazishonea wa zambarau, nikamwambia Fundi Pasi ni za mteja mpya, bwana mkubwa fulani asiyependa kuonekana, nazifuata mwenyewe kwake. Mwanzoni tulimcheka wote wawili. Ndiyo, shemeji, nilijicheka, na nilicheka kwa nguvu kumpita yeye. Lakini juzi Fundi Pasi alishika shuka moja, akaigeuza, akaipeleka mwangani. Akasema, "Huyu bwana wa zambarau anaumwa. Hii ni damu. Wewe unayemwona, mwambie aende hospitali." Nikamjibu nitamwambia.

Hospitali nimeshakwenda, kwa ajili ya macho na mwasho. Mwili mzima unawasha, hata nyayo, najikuna na brashi ya kola. Daktari ni binti, rika la mwanangu, wagonjwa tunamwita Miwani. Aliniuliza choo changu kikoje. Nikasema kizuri. Akauliza tena. Nikasema kizuri sana, ahsante.

Halafu ndiyo inakuja barua ya mwanangu: Baba, unakunywa? Nikaona mlango umefunguka. Mlevi anasutwa, analaumiwa, mwisho anahurumiwa. Anayejiharia anachekwa mpaka kwenye kaburi lake. Mimi najua, mimi ndiye niliyekuwa nacheka. Nikaandika ndiyo, nakunywa, na nikajisikia nimepona nusu.

Usimwambie mtu.

Shemeji yako


20 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimelia, lakini nimelala vizuri kuliko siku zote tangu harusi. Ahsante kwa kusema ukweli. Najua imekugharimu.

Sikukaa tu. Fundi Pasi amenipa namba ya daktari wako, yule wa miwani, nikampigia, nikajitambulisha, nikamweleza yote: unakunywa asubuhi na jioni, unajificha, ndiyo maana humwambii ukweli. Akanishukuru. Amesema alikuwa anataka kukutuma hospitali kubwa wakachunguze mirija ya nyongo kwa kamera, lakini kama chanzo ni pombe basi tuanze na kuacha pombe, tusikutese na vipimo vya bure. Ameniambia kuna kikundi cha watu wanaoacha, wanakutana Jumamosi katika darasa la shule ya msingi iliyo karibu na dobini. Nimeshawapigia. Mwenyekiti wao anakusubiri.

Usinione mkali. Sina baba mwingine.

Bintiyo


25 Machi

Dobi wangu,

Nimeisoma peke yangu chini ya lori, taa mdomoni. Nilicheka mpaka taa ikaanguka. Halafu nikafika kwenye ile shuka ya Fundi Pasi, nikaacha kucheka.

Kwanza, ukitaka kudanganya uwe unauliza wenye kazi yao. Mpwa wangu amenisomea barua yako kwenye simu huku analia. Bia ya kuchemsha? Kabla ya chai? Kwani unaipikia kwenye sufuria ya wanga wa mashati? Mimi nimekunywa miaka yote hii, sijawahi kukutana na mlevi wa namna hiyo. Ni yeye tu kwa uchungu wake hakuona.

Pili. Mtu akiniletea gari akaniambia ni breki tu, huku anajua injini inavuja na ameifungia kitambara nisione, nitamfungia breki mpya na gari litamfia mlimani. Atasema Spana si fundi. Huyo binti wa miwani unamfanyia hivyo hivyo. Mwambie. Sentensi moja tu. Kama unaona haya kusema "naharisha damu", mwambie "kuna mteja wangu", kama ulivyozoea.

Tatu, siri yako ninayo. Lakini ni nzito, na mimi mgongo unaniuma.

Spana


18 Aprili

Shemeji,

Nimekwenda kwenye kikundi. Ningefanyaje? Mwanangu kapiga simu, mwenyekiti kanifuata mpaka dobini na kunikumbatia mbele ya wateja.

Tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Kila mtu anasimama anaeleza alivyoharibikiwa. Zamu yangu ikafika. Nikasema nilikuwa nanunua bia kwa kilo. Jamaa mmoja wanamwita Pipa akauliza, "Kwa kilo?" Nikasema nilikuwa nimefika hali hiyo. Mama mmoja akaanza kulia. Basi nikaona wameamini, nikaongeza kwamba nimeuza kitanda. Wiki iliyofuata mwenyekiti aliwaambia wanipigie makofi kwa kuwa sijagusa tone tangu nijiunge. Nilipigiwa makofi, shemeji, kwa kuacha kitu ambacho sijawahi kukionja. Nikainama nikawashukuru. Katikati ya makofi tumbo likaita, nikatoka mbio, na nasikia Pipa nyuma yangu anasema, "Mwacheni, ile hamu ndiyo inamsumbua."

Hiyo ndiyo ya kuchekesha. Ya pili haichekeshi.

Wiki iliyopita nilianza kutetemeka pale kwenye kamba, naanika. Joto la mchana, mimi meno yanagongana. Maumivu chini ya mbavu za kulia, kama mtu kaniingiza pasi. Mkojo rangi ya chai ya rangi. Fundi Pasi alinibeba kwenye toroli la nguo mpaka hospitali. Wakanitundikia dripu, sindano za kuua bakteria, wakasema sumu imeshaingia kwenye damu, ningechelewa siku ile wangekuandikia wewe habari za msiba.

Miwani alinipima kwa ile mashine ya picha. Akasema mfuko wa nyongo una vijiwe vidogo, lakini hivyo vijiwe havielezi yote haya. Akaweka kalamu chini. "Baba, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Hakuna tatizo jingine tumboni? Utumbo? Choo?"

Nilifungua mdomo, shemeji. Nakuapia nilifungua. Lakini mwanangu alikuwa amekaa pale kitandani upande wa miguu, mume wake amesimama, na mama mkwe wake amekuja na chupa ya uji. Huyo mama alikuwa ananiangalia kwa huruma. Anamhurumia mlevi. Nikasema, "Hakuna, daktari. Ni pombe tu."

Mwanangu akanishika mguu. Miwani akaandika alichoandika.

Nimetoka, nipo nyumbani. Homa imeshuka. Macho bado.

Shemeji yako


24 Aprili

Dobi,

Leo sina utani. Au ninao, lakini ni wa mwisho.

Ukifa, na kwa mwendo huu utakufa, mimi ndiye mjomba wa mfiwa. Kipaza sauti hakitanipita. Watasema, sasa tumsikie shemeji wa marehemu. Nitasimama. Nitasema: "Ndugu waombolezaji, mmeambiwa marehemu aliuawa na pombe. Uongo. Marehemu hakujua hata bia inauzwa kwa chupa. Marehemu alikuwa anaharisha. Aliharisha damu muda mrefu, akaona haya, akanyamaza, akafa." Kisha nitamwita Fundi Pasi aeleze habari za uzi wa zambarau. Nitamwita mbele, aje na shuka.

Walisema wahenga, mficha maradhi kilio humuumbua. Basi kilio chako ni mimi, na mimi sauti yangu unaijua.

Chagua. Umwambie yule binti wa miwani peke yake, mlango umefungwa, au niwaambie mimi umati mzima, wakwe wa mwanao wako mstari wa mbele.

Dada yangu alipokuwa anaondoka aliniambia nikuangalie, kwa sababu wewe ni mtu wa kujikunja. Nakuangalia. Usinifanye nihutubie, nakuomba.

Spana


20 Mei

Mama,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Kaa chini. Kama mume wako yuko karibu, subiri atoke.

Mimi sinywi. Sijawahi kunywa. Mjomba wako ni shahidi. Nilikudanganya, nikamdanganya daktari, nikakidanganya kikundi kizima cha watu wanaohangaika kweli na maisha yao, na huko ndiko ninakoona haya kupita kiasi, maana wale walinipigia makofi.

Kitu nilichokuwa nakificha ni tumbo. Ninaharisha, mwanangu, kwa damu, miaka miwili sasa, na mara nyingine nashindwa kujizuia. Siku waliyokuja wakwe zako, ndani ya ule mfuko mlikuwa na suruali. Basi. Nimeandika.

Nilikwenda kwa Miwani peke yangu. Nilimwambia huku naangalia kalenda ukutani. Nilikuwa nasubiri acheke, au afunge pua. Akauliza tu, "Tangu lini?", kama mtu anayeuliza umefika lini mjini. Kisha akavua miwani akajifuta macho, akasema, "Baba, hilo neno nililitafuta kwako tangu siku ya kwanza." Akaniambia yeye naye amekosea, kwa kuifanya pombe iwe jibu la kila kitu. Nikamwambia hapana, mlango huo niliufunga mimi.

Wamenipeleka hospitali kubwa. Wameingiza kamera kule nisikotaka kukutajia, wakakuta utumbo mpana una vidonda vya siku nyingi. Wakapiga picha ya mirija ya nyongo, ile inayotoa nyongo kwenye ini kuipeleka tumboni. Imevimba, ina makovu, mahali imebana mahali imetanuka. Miwani anasema magonjwa haya mawili mara nyingi yanatembea pamoja, na ukimjua mmoja lazima umuulize mwenzake alipo. Mimi nilikuwa nampa mmoja na kumficha mwenzake.

Nilimuuliza tumbo na macho vinajuana wapi. Alinieleza vizuri, nami nakueleza nilivyoelewa. Tumboni mwa kila mtu kuna bakteria wasiohesabika, na wengi ni wapangaji wema, wanasaidia kusaga chakula. Nyongo ikishuka tumboni inawaweka kwenye mstari. Lakini ukuta wa utumbo ukiwa na vidonda, bakteria na sumu zao wanapenya, na damu yote ya utumbo inapita kwanza kwenye ini. Huko wanaichokoza mirija mpaka inavimba na kufanya makovu. Mirija ikibana, nyongo inatuama, na kilichotuama kinaota wadudu. Mimi dobi sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Ndiyo ile homa ya kutetemeka, ndivyo na vijiwe vinavyopata nafasi. Na kwa kuwa nyongo haishuki vizuri, kule chini nako wapangaji wabaya wanazidi kujitanua. Nikamuuliza nani alianza, tumbo au mirija? Akasema hata mabingwa bado wanabishana, wanachunguza.

Dawa ya utumbo nimepewa na inasaidia. Dawa ya kuyafuta makovu ya mirija hakuna. Wiki ijayo watapitisha kibomba kidogo kupanua pale palipobana zaidi. Baada ya hapo ni kuangaliwa maisha yote, maana ugonjwa huu unaweza kuzaa saratani, na siku moja ini lenyewe linaweza kuchoka. Nilimuuliza kama ningesema mapema. Hakutaka kujibu. Nikang'ang'ania. Akasema mirija labda ingekuwa hivi hivi, lakini ile homa iliyokaribia kuniua isingenikuta bila ulinzi, na utumbo usingefika hapa.

Sasa nimefika mahali ambapo mkono unagoma.

Miwani anasema ugonjwa huu mara nyingine unakwenda na damu ya ukoo. Si kila mtu, si lazima, lakini ameniagiza niwaulize wanangu. Ninaye mmoja. Najua baba hamuulizi binti yake swali hili, tena binti aliyeolewa. Mama yako angekuwepo ningemtuma yeye. Hayupo. Kwa hiyo naliuliza mimi, na baada ya kuliuliza usinitazame usoni mpaka mwaka uishe.

Choo chako kiko salama? Hujaona damu? Huumwi tumbo likakukimbiza? Usinijibu kama nilivyomjibu daktari.

Baba yako


11 Juni

Mama,

Kimya chako nimekielewa. Nimevuka mpaka. Kuna maneno mzazi hapaswi kuyapeleka kwenye nyumba ya watu, na labda barua imeangukia mikononi mwa mume wako, au mwa mama mkwe wako, Mungu apishe mbali. Kama ndivyo, waambie baba yako aliandika akiwa na homa.

Kibomba kimewekwa. Nilitapika siku mbili, sasa nakula. Mwasho umepungua, na Fundi Pasi anasema weupe wa macho umeanza kurudi. Yeye nimeshamwambia mteja wa zambarau ni nani. Alichukua pasi, akainyoosha ile shuka taratibu mpaka kwenye pindo, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anavyomkabidhi mteja. Sikuweza kumwangalia.

Kikundini pia nilikwenda kuwaomba radhi. Mwenyekiti alikasirika, na ana haki. Pipa alinisindikiza mpaka nje, akaniambia, "Mzee, mimi ile ya kilo sikuiamini hata kidogo. Nilidhani una jambo kubwa kuliko letu, nikakuachia."

Lile swali nalifuta. Usilijibu. Niandikie hata habari za mvua tu, nijue hujanitupa.

Baba yako


16 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yako haikuangukia mikononi mwa mtu. Niliipokea mimi, nikaisoma mimi, nikaificha chini ya godoro kama mhalifu. Sikukasirika. Niliogopa.

Kwanza la daktari. Mimi ndiye niliyempigia simu nikamwambia wewe ni mlevi. Wewe umejilaumu kurasa nzima na hilo hukuligusa hata kwa kidole, umenistahi, na kwa jinsi ulivyonistahi nimeshindwa kula. Ulitafuta pa kujificha, na aliyekujengea ukuta ni mimi. Nilikuwa nina haraka ya kuwa na baba mlevi aliyetubu, kwa sababu huyo angalau ningeweza kumweleza kwa wakwe. Hata siku moja sikukuuliza unaumwa nini. Nilikuuliza unakunywa. Nisamehe, Baba. Sijui nitalilipaje.

Sasa swali lako.

Damu naiona. Naiona tangu kabla ya harusi. Nilijiambia ni wasiwasi wa bibi harusi, halafu nikajiambia ni pilipili, halafu nikaacha kujiambia. Kazini, pale dirishani kwenye ofisi ya maji, namwomba mwenzangu anishikie zamu na watu wamepanga foleni wananung'unika. Nimekonda, chakula nachagua, kila mara natoka. Na hapa nyumbani wakaona hayo yote wakayasoma walivyotaka. Mama mkwe akakata shauri kwamba nina mimba.

Sikumkatalia. Aliniuliza kwa furaha, mbele ya mume wangu, nikainamisha kichwa tu, wakadhani ni haya. Ilikuwa ni haya kweli. Tangu hapo ananipikia, ananikataza kubeba ndoo, ameshafuma kofia mbili na ya tatu iko kwenye sindano. Mume wangu anaongea na tumbo langu jioni. Nilikuwa nakufokea wewe kwa uongo huku mimi nimelala juu yake. Niliona afadhali waje kulia kwamba mimba imeharibika, kuliko wajue bibi harusi wao ana ugonjwa wa chooni.

Barua yako ya kwanza niliificha. Ile ya pili, uliposema unalifuta swali, ndiyo iliyoniinua. Niliona nikikubali ulifute, basi nitakuwa nimekuacha peke yako kwenye hiyo aibu, na mimi nimekaa kwenye yangu, na hapa kati hakuna hata mmoja atakayepona.

Nikachukua ruhusa kazini, nikaaga naenda hospitali. Mama mkwe akavaa viatu. Akasema mimba ya kwanza haiendi kliniki peke yake. Nilimkatalia, hakusikia. Tukafika, nikaupita mlango wa wajawazito, nikaenda kukaa kwenye benchi la mlango unaofuata. Akanivuta nguo, "Mwanangu, umepotea mlango." Nikamwambia sijapotea. Akaniangalia, lakini akakaa.

Tulipoitwa aliingia na mimi, mkoba mapajani. Daktari ni mwanamume, mtu mzima, ana haraka. Akauliza nina nini. Nikakumbuka kwamba wewe uliangalia kalenda, nami nikatafuta kalenda, haikuwepo, kulikuwa na mama mkwe tu. Basi nikamwangalia yeye. Nikasema naharisha damu, tangu kabla ya kuolewa, na sina mimba, sijawahi kuwa nayo. Mkoba wake uliteleza ukaanguka, hakuuokota.

Daktari akaandika. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Kwenye ukoo wenu, kuna mwingine mwenye tatizo kama hili?"

Nikasema kwa sauti, mpaka wa benchi la nje nadhani walisikia: "Yupo. Baba yangu mzazi. Na pombe hajawahi kuionja."

Bintiyo